Kimya cha Chiriku

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na waseme, kusema hakulipiwi kodi. Mama Chiriku hakuwa akijua uchungu wowote. Tangu siku madaktari walipomtoboa binti yake shingo ili apate pa kupitishia pumzi, alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, hata moyo. Alikula, alioga, aliitikia salamu, alitabasamu mahali pa kutabasamu. Ukimwuliza anajisikiaje, angekujibu kwamba mashine imechajiwa na mipira ipo ya kutosha.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kunyonyea makohozi, na ilikaa mezani mahali ilipokuwa televisheni. Mtoto akianza kukoroma shingoni, mama ananawa mikono, anachukua mpira mwembamba, anauingiza kwenye kile kibomba cha plastiki kilichofungwa shingoni kwa utepe, ananyonya, anatoa. Mtoto anakunja uso, anakohoa bila sauti, machozi yanamlengalenga, kisha anarudi kwenye mchezo wake. Mama anasuuza mpira. Angeweza kuifanya kazi hiyo huku akibishana na muuza nyanya aliyesimama mlangoni, na mara nyingine ndivyo alivyofanya, na bei ikashuka.

Mtoto walimwita Chiriku na hawakumwonea. Kabla hajaugua alikuwa akiamka na swali na kulala na jingine, mpaka baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, akawa anasema injini ina kelele kidogo kuliko nyumba yake. Halafu ikaja homa iliyomvimbisha koo mpaka hewa ikakosa pa kupita. Wakamtoboa shingo, wakamweka kwenye mashine ya kupumulia, akakaa huko wiki baada ya wiki. Alipotoka akiwa hai, koo lilikuwa limesahau kazi zake zote mbili, kusema na kumeza. Pumzi iliingia na kutoka kwa shingo, chini ya mahali sauti inapotengenezwa, kwa hiyo hata alipolia ulimwona analia lakini hukumsikia. Chakula kilipitia kwenye mpira mwingine, ulioingia puani ukaenda mpaka tumboni. Majirani wakaacha kumwita Chiriku mbele ya mama yake, wakidhani wanamsitiri. Mama mwenyewe hakuacha. Jina ni jina, na hakuwa na nguvu ya kutafuta jingine.

Sasa, kibomba kile kilikuwa na mlio. Kila pumzi ilipopita ilitoa fyuu ndogo, fyuu ya kuingia na fyuu ya kutoka, na mama Chiriku aliishi ndani ya mlio huo. Alijua mlio mkavu unaotaka matone ya maji ya chumvi, mlio wa majimaji unaotaka mashine, na mlio mlegevu wa usingizi. Akiwa jikoni, akiwa uani anafua, sikio lake moja lilikuwa shingoni kwa mtoto. Mlio upo, mtoto yupo. Mengine yote aliyaacha yapite, hata maneno ya kufariji, hata kilio cha baba mtoto kwenye simu siku lori lilipoharibika njiani naye akakaa peke yake akawaza.

Mama mkwe alikuja kusaidia siku ile ile walipotoka hospitali na akabaki. Bibi huyu alikuwa kiziwi wa kutosha. "Masikio yangu yamestaafu," alizoea kusema, "na hawakunipa hata kiinua mgongo." Wauguzi walimfundisha naye kutumia mashine, na alifundishika, lakini mama Chiriku hakumwamini. Mtu asiyesikia mlio atamlindaje mtoto? Hakulisema hilo, maana mama mkwe ni mama mkwe. Alihakikisha tu kwamba hatoki nyumbani bila mtoto ila kwa jambo lisilokwepeka, na jambo hilo lilikuwa kwenda stoo ya hospitali kuchukua mipira mipya ya mashine. Alikwenda kwa kukimbia na kurudi kwa kukimbia.

Mwisho wa korido ya hospitali, panaponuka dawa ya kudekia, kulikuwa na chumba cha mtaalamu wa usemi na umezaji. Cheo hicho kiliandikwa mlangoni, lakini wazazi wote walimwita Fundi Koo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, mwenye taulo begani muda wote, na maneno hayakumwishia.

"Koo ni njia panda, mama," alimwambia siku ya kwanza. "Hewa inapita huku, chakula kinapita huku, na katikati amesimama askari wa barabarani. Askari wa huyu bosi wetu amelala muda mrefu. Hatumfukuzi kazi. Tunamwamsha."

Alimwamsha kwa kumkanda mtoto mashavu, kwa kumgusisha kijiko cha baridi kwenye midomo na ulimi, kwa kumfanyisha nyuso za vichekesho mbele ya kioo. Kisha akatia tone la rangi ya buluu, ile ya kupambia keki, ndani ya maji kidogo, akampa Chiriku kwa ncha ya kijiko. Akangoja, akaingiza mpira shingoni, akanyonya. Makohozi yakatoka ya buluu. Hapakuwa na haja ya kueleza sana: maji yaliyotakiwa kwenda tumboni yalipotea njia, yakaingia upande wa mapafu. Mtoto alikuwa akipaliwa kimyakimya, bila hata kikohozi cha kumshtaki. Mama Chiriku aliitazama ile buluu kwenye kikopo kama anavyotazama nguo za jirani kwenye kamba.

Daktari wa koo aliitazama pia. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiye na muda.

"Mpira wa puani umekaa mno, mama," alisema. "Kliniki ijayo tutampima tena hivi hivi. Akiwa bado anapaliwa, tutamtoboa tumbo tumwekee mpira wa kukaa, na hapo shingoni tutapaacha kama palivyo kwa mwaka mwingine, pengine zaidi. Si mwisho wa dunia. Watoto wengi wanaishi hivyo."

"Sawa, daktari."

"Una swali?"

"Hapana, daktari."

Hakuwa na swali, lakini njiani kurudi nyumbani, mtoto akiwa mgongoni na mashine begani, aligundua kuna kitu kimoja anachokitaka. Alikitaka kwa akili tu, moyo haukushiriki. Hakutaka mtoto akatwe tena.

Ziara iliyofuata, Fundi Koo alitoa mfukoni kifuniko kidogo cha rangi ya zambarau, si kikubwa kuliko kizibo cha chupa ya dawa.

"Hiki ndicho kitakachotuokoa na kisu," alisema. "Kina mlango wa upande mmoja. Hewa inaingia, kutoka hairuhusiwi. Sasa itafanyaje? Itapanda juu, ipite kwenye sauti, itoke kwa mdomo na pua kama hewa za watu wengine. Kibomba chake hakina puto la kuziba koo, kwa hiyo hewa ina nafasi pembeni. Hewa ikipita juu, koo linaamka. Anasikia mate yake, anakohoa kwa nguvu, anameza kama mtu. Akivae nyumbani akiwa macho, na mtu akimwangalia. Leo kidogo, kesho zaidi. Akilala unakitoa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Akakibandika kwenye kibomba. Macho ya Chiriku yakawa makubwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kunusa. Alikuwa hajanusa kitu tangu augue, maana hewa haikuwa ikipita puani, na sasa akanusa kiganja chake, akanusa meza, akalivuta taulo la Fundi Koo akalinusa, akakunja uso.

"Ameniona," alisema Fundi Koo, akicheka mpaka tumbo likatikisika. "Jasho la kazi hilo, bosi. Heshimu."

Mtoto akakohoa, na kikohozi kikawa na sauti. Kilikuwa kikohozi kikavu cha kawaida, cha mtu yeyote. Fundi Koo alipiga makofi. Mama Chiriku alikaa wima kwenye kiti, na alichosikia yeye ni kwamba mlio umekoma.

Nyumbani akajaribu. Alimkalisha Chiriku mkekani, akanawa mikono, akakibandika kifuniko kama alivyoonyeshwa. Fyuu ikakatika. Chumba kikawa kimya. Mtoto alifumbua mdomo, akajiandaa, kama mtu anayetaka kupiga mbizi, na kabla hajafanya chochote mkono wa mama ulikwishafika shingoni na kukizungusha kifuniko, kikatoka. Fyuu ikarudi. Mama akashusha pumzi. Amechoka huyu, alijiambia, kwa leo inatosha.

Kesho yake vivyo hivyo, na siku iliyofuata. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui walikuwa wakiwaza nini, lakini kimya kile kilimpiga mama Chiriku kila siku na kila siku kilimshinda. Hakuogopa, au hakujua kwamba anaogopa. Hakusikia moyo kwenda mbio. Mkono ndio uliokwenda wenyewe, bila kumwuliza, kama unavyoukimbiza kwenye sufuria inayofurika. Chiriku naye akajifunza. Akaacha kufumbua mdomo. Kifuniko kikibandikwa alikaa tu akimtazama mama yake usoni, akingoja kitolewe.

"Anakivaa kwa muda gani sasa?" aliuliza Fundi Koo.

"Kidogo. Hawezi. Anachoka."

Fundi Koo akakibandika mwenyewe. Chiriku akacheza nacho shingoni kipindi kizima, akapuliza mapovu ya sabuni, akazima mshumaa, akatoa sauti ya mbuzi alipoombwa sauti ya mbuzi. Mama Chiriku alikuwa dirishani. Katika chumba hicho mlio ulikuwa kazi ya mtu mwingine.

"Hapa mbona anaweza?" alisema Fundi Koo.

"Nyumbani hawezi."

Mtu angemwita mwongo, na angemkosea. Mwongo anaujua ukweli, akaukwepa. Huyu alikuwa haoni. Fundi Koo alijifuta uso kwa lile taulo, akasema basi waongeze polepole, ila kliniki inakuja na daktari hana mchezo. Akampima tena, mara hii kwa uji mwepesi wenye rangi. Buluu ikatoka. Ilikuwa imefifia kidogo, lakini buluu.

"Nyumbani, mama," alisema. "Kazi iko nyumbani. Mimi hapa napaka rangi tu, nyumba unajenga wewe."

"Sawa," alisema mama Chiriku.

Siku ya kwenda stoo ikafika tena. Alimwachia mama mkwe maagizo kwa sauti ya juu, mdomo karibu na sikio, na bibi akaitikia yote, hata yale ambayo hayakuwa na la kuitikia. Akatoka kwa kukimbia. Stoo akaikuta imefungwa. Mwenye funguo kaenda msibani, alisema mlinzi, na funguo kaenda nazo. Mama Chiriku hakukasirika. Aligeuka pale pale akarudi.

Alipofika kwenye lango la uani alisikia mtoto akiongea nyumbani kwake. Ilikuwa sauti nzito ya kukwaruza, ya mtoto mwenye mafua makali, na ilikuwa ikigomba.

"Hilo bovu. Bibi. Hilo bovu, weka huku."

Mama Chiriku alisimama. Ni nani kaleta mtoto mgonjwa ndani ya nyumba yenye mtoto wa shingo? Watu wengine wamelelewa wapi? Alipitisha akilini watoto wote wa mtaani, akamtafuta wa kumshuku, akamchagua yule wa fundi viatu ambaye makamasi hayamkauki, na akapanga maneno ya kumwambia mama yake, na hayakuwa mazuri.

"Siyo hilo. Hilo jiwe. Jiwe, Bibi."

"Nini?"

"Jiwe."

Akaingia. Ndani hapakuwa na mtoto wa fundi viatu. Bibi alikuwa amekaa mkekani, ungo wa maharage mapajani, akichambua, na mbele yake alikaa Chiriku, amepiga magoti, kidole hewani, mdomo wazi. Shingoni kwake kulikuwa na zambarau.

Hakuijua sauti ya mwanawe. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na hilo likamwingia polepole: alikuwa amesimama nje akaisikiliza sauti ya mwanawe, na hakuijua.

Chiriku alimwona. Akanyamaza. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akapeleka mkono shingoni, akakizungusha kifuniko taratibu kama alivyoona kikizungushwa siku zote, akakitoa, na akamnyooshea mama yake. Fyuu, ikasema shingo. Mtoto alimtazama kwa upole sana, kama anayemrudishia mtu kitu chake alichokiazima bila ruhusa.

Mama Chiriku akakipokea. Kilikuwa na unyevu, cha vuguvugu.

"Umerudi upesi," alisema bibi, aliyehisi kivuli mlangoni. "Mbona umemvua? Tulikuwa tunaongea."

"Tangu lini anaongea?" Ikabidi arudie kwa sauti. "Mama. Anaongea tangu lini?"

"Huyu? Tangu zile safari zako za stoo. Ukitoka tu anakiendea kifuniko kwenye kikopo chake, anakileta mwenyewe nimvalishe. Wewe ukija anavua. Nikajua ndivyo fundi alivyowaagiza, zamu yangu na zamu yako." Bibi akamtazama vizuri mkwewe. "Kwani wewe huwa huongei naye?"

Mama Chiriku alikaa chini pale pale mlangoni.

"Na kile kimya," alisema. "Ukimvalisha, kile kimya, wewe unafanyaje?"

"Nini?"

"Kimya, mama."

"Kimya gani?" alisema bibi. "Mimi kwangu kote ni kimya. Nakitazama kifua. Kikipanda kikishuka, tunachambua maharage."

Aibu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufika. Aliiona ikija, akaiacha ije. Mtoto wake alikuwa amejifunza kujinyima sauti ili mama apate kutulia, na kisu cha daktari kilikuwa kinakaribia tumbo lake kwa sababu ya mkono wa mama, si kwa sababu ya koo. Nyuma ya aibu ikaja hofu. Ilikuwa hofu ya ile wiki ya kwanza hospitalini, nzima nzima, ambayo hakuwahi kuiogopa wakati wake kwa kuwa palikuwa na kazi. Alinawa mikono, akapiga magoti mbele ya mtoto, akakibandika kifuniko, na ilibidi ajaribu mara kadhaa kabla hakijakaa.

Kimya kikaingia. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Chiriku alingoja. Alimtazama mama yake usoni, akatazama mahali mikono ilipojificha, akatazama tena usoni.

"Unaogopa?" aliuliza ile sauti ya kukwaruza.

"Naogopa."

"Bibi haogopi."

"Bibi hasikii."

"Mnanisema," alisema bibi, bila kuinua macho kwenye maharage.

Mficha uchi hazai. Ziara iliyofuata mama Chiriku alimwambia Fundi Koo kila kitu, kwa sauti ile ile ya kuripoti hesabu ya mipira. Si yeye, alisema. Ni mimi. Nisipousikia ule mlio, mkono unakwenda. Fundi Koo hakucheka wala hakumpa pole.

"Masikio yako yamefanya kazi ya wodi nzima," alisema. "Yape likizo. Fungua redio uyazibe. Tazama kifua kama bibi, tazama midomo isibadilike rangi. Na umeniambia kabla daktari hajanoa kisu, hapo umenisaidia."

Wakarudi nyumbani wakafungua redio. Mama Chiriku alikuwa hapendi redio, hakuipenda hata wakati ule, lakini alijifunza matangazo yote ya sabuni huku akikitazama kifua cha mwanawe kikipanda na kushuka. Siku nyingine mkono ulimshinda. Siku nyingi haukumshinda. Ganzi haikuisha, usidhani mambo huisha kwa kuyasema. Ilirudi kila asubuhi pamoja na mashine, na akanawa mikono, akanyonya, akasuuza. Ila sasa katikati ya kusuuza aliambiwa kwamba maji ni baridi, kwamba paka wa jirani ana mimba, kwamba Bibi amekunywa chai yake na ya Baba. Aliitikia. Wakati mwingine alisahau kuitikia, na akaulizwa kama naye sasa ni kiziwi.

Siku ya kliniki daktari alisimama kando ya dirisha, mikono kifuani, saa ukutani ikimwita kwingine. Bibi walimwacha nje kwenye benchi. Fundi Koo alikoroga uji mzito na rangi mpaka ukawa wa kutisha, akamfunga Chiriku kitambaa kikubwa shingoni chini ya kibomba ili asichafue nguo, akakibandika kifuniko.

"Sikiliza, bosi. Uji ukiingia mdomoni, mazungumzo basi. Hata kama umekumbuka jambo la maana sana. Unafunga mdomo, unainamisha kidevu, unameza kwa nguvu. Ukishameza, hotuba yote ni yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kijiko kikaingia. Midomo ikafungwa, ya buluu pembeni. Kidevu kikainama. Na mtoto akabaki hivyo.

Hakumeza. Uji ulikuwa mdomoni, koo halikusogea, na kimya kikakaa chumbani. Hapakuwa na redio. Hapakuwa na neno, maana neno lilikatazwa. Mama Chiriku akatafuta kifua kwa macho, na kifua hakikuwepo, kilikuwa chini ya kile kitambaa kikubwa kilichosimama kama turubai. Akatazama midomo isibadilike rangi, na midomo ilikuwa ya buluu ya keki. Fundi Koo alikuwa ameinama na kijiko, macho kooni kwa mtoto. Daktari hakusogea. Mkono wa mama ulikwishaondoka. Aliuona ukienda mbele yake, ukielekea shingoni, na alijua kabisa kwamba ukifika, kipimo kimeharibika, na kipimo kikiharibika tumbo litakatwa, na bado mkono ulikwenda.

Chiriku aliuona pia. Mdomo ulikuwa umejaa, hakuweza kusema acha, na pengine kwa mara ya kwanza maishani alitii alichoambiwa. Aliudaka mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaushusha chini, akauingiza chini ya kitambaa, akaukandamiza kifuani.

Kifua kilipanda. Kilishuka. Kilipanda tena, kidogo, cha joto, mbavu nyembamba zikifunguka chini ya kiganja. Mama Chiriku aliuacha mkono pale. Chini ya vidole vyake kitu kikajikusanya, kidevu kikazama, na koo likapanda juu na kushuka. Mtoto alikuwa amemeza.

"Tena," alisema Fundi Koo kwa sauti ndogo. Akampa tena, akameza tena. Akampa cha mwisho, akakimeza kwa kelele.

Wakangoja. Fundi Koo akakitoa kifuniko, akaingiza mpira shingoni, akanyonya, na wote wakainamia kikopo. Makohozi yalikuwa meupe. Akangoja tena akanyonya tena. Meupe.

"Tumbo lisubiri," alisema daktari. "Tutaendelea kumfuatilia, leo na kesho na kuendelea, na asipewe maji mepesi bado. Lakini kwenye ratiba yangu kisu hakimo tena." Akaandika, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuwa na muda.

Fundi Koo alikirudisha kifuniko shingoni, akampapasa Chiriku kichwani, akamwambia hotuba sasa ni yake. Mkono wa mama ulikuwa bado kifuani chini ya kitambaa. Hakuna aliyekumbuka kumwambia autoe.

Chiriku alilamba midomo, akafikiri.

"Uji hauna sukari," alisema.

Mama Chiriku akaanza kulia. Hakulia machozi ya kufutika kwa ncha ya kanga. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama watu wanavyolia msibani, mpaka bibi kiziwi akafungua mlango kuuliza kuna nini. Furaha ilikuwemo, na hofu yote ya nyuma, na hasira, na lile lori lililoharibika njiani, vyote vikitoka pamoja na vyote vikiuma. Daktari aliiweka kalamu chini.

"Mama, vipi? Unaumwa? Wapi?"

"Kote," alisema mama Chiriku. "Kote, daktari."

Daktari alimsogezea kiti, Fundi Koo akampa taulo. Chiriku, aliyezoea kuongea na asiyesikia, aliona hakuna anayeshughulikia jambo lake, akaisafisha ile sauti yake ya kukwaruza na kurudia kwa nguvu zaidi, mmoja mmoja akimtazama usoni, kwamba uji hauna sukari.